Marubani wa Kenya Airways, kitovu cha Nairobi na ubia wa njia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali yaliyokusanywa hapa ni yale ambayo abiria, jamaa za marubani na vijana wanaosomea urubani katika uwanja wa Wilson huyarudia kila habari za Kenya Airways zinapogonga vichwa vya magazeti. Majibu hayalingani kwa urefu, kwa sababu maswali yenyewe hayalingani kwa uzito.

Kwa nini marubani hujadili ubia na vitovu vya safari, mambo yanayoonekana kuwa ya wakurugenzi?

Kwa sababu ajira ya rubani haipimwi kwa idadi ya ndege zilizopakwa rangi za shirika, bali kwa saa ambazo ndege hizo zinakuwa angani. Mashirika mawili yakikubaliana kwamba abiria wa Nairobi anayekwenda Amsterdam apande ndege ya mwenzake, tiketi inaweza kuuzwa kwa namba ya KQ, yaani alama ya Kenya Airways, na mapato yakagawanywa kwa fomula nzuri kabisa, lakini saa nane na ushei za safari ile zitaandikwa kwenye daftari la rubani wa Uholanzi. Mhasibu anaweza kuuona mpango huo kuwa ni faida tupu. Rubani msaidizi anayesubiri kupandishwa cheo kuwa kapteni anauona kuwa ni miaka iliyoongezwa kwenye foleni yake. Wote wawili wana haki ya kuona hivyo, na ndiyo maana mazungumzo ya marubani kuhusu idadi ya watu, kitovu na ubia huwa ni mazungumzo ya jambo moja.

Njia moja ya masafa marefu inahitaji marubani wangapi?

Tuchukue safari ya Nairobi kwenda New York, iliyoanza tarehe 28 Oktoba 2018 kwa ndege ya Boeing 787-8 yenye viti 234. Safari ya kwenda na kurudi huchukua takriban saa 29 kwa jumla, na kila upande huhitaji marubani wanne, kwa kuwa hakuna kanuni ya usalama inayoruhusu watu wawili kukaa kwenye usukani kwa muda wote huo. Kanuni za Marekani kwa mashirika ya nchi hiyo, kwa mfano, huwaruhusu marubani wawili kuruka kwa saa 9 tu, watatu kwa saa 13, na wanne kwa saa 17. Wawili wanapokuwa kazini, wengine hupanda kwenye chumba chembamba cha kulala kilichofichwa juu ya dari, ambacho abiria wengi hupita chini yake bila kujua kwamba kipo.

Sasa tupige hesabu. Kiwango kinachotumika Ulaya, na kinachofanana na vya nchi nyingi, ni kwamba rubani asizidishe saa 100 za kuruka katika siku 28 wala saa 900 katika mwaka, yaani wastani wa saa 75 kwa mwezi. Safari ikifanyika kila siku, siku 30 mara saa 29 mara marubani wanne ni saa 3,480. Ukigawanya kwa 75 unapata zaidi ya marubani 46, na hapo hujamtoa aliye likizo, aliye mgonjwa wala aliye darasani. Hao wote ni kwa ajili ya njia moja, inayotokea kama mstari mmoja tu kwenye ratiba.

Kuna jambo jingine ambalo hesabu hiyo hailionyeshi. Rubani anayeondoka Nairobi Jumatatu usiku hutua New York Jumanne asubuhi, lakini ndege inayorudi siku hiyohiyo huchukuliwa na kikosi kilichotangulia. Yeye hulala hotelini, huondoka Jumatano mchana na kufika nyumbani Alhamisi asubuhi. Juma limekatika katikati, mwili haujui ni saa ngapi, na bado siku za mapumziko za lazima hazijahesabiwa.

Kama marubani ni wachache, kwa nini shirika lisiajiri tu wengine?

Kwa sababu rubani si dereva anayeweza kukabidhiwa ufunguo wa gari lolote. Leseni humruhusu kufanya kazi, lakini kila aina ya ndege inahitaji cheti chake. Anayerusha Embraer 190 kwenda Kigali hawezi kuitwa kesho arushe 787 kwenda Guangzhou. Lazima aende darasani, aingie kwenye mashine ya kuigiza urukaji, kisha aruke chini ya uangalizi wa mkufunzi kwa safari kadhaa. Muda huo wote analipwa mshahara bila kuzalisha safari ya kawaida, na pengo aliloacha kwenye Embraer halijazibwa.

Hapo ndipo mnyororo unapoanza. Kapteni mmoja wa 787 akifikisha miaka 65, umri ambao ni kikomo cha kimataifa kwa marubani wa biashara, nafasi yake huchukuliwa na kapteni wa 737. Nafasi ya huyo wa 737 huchukuliwa na kapteni wa Embraer, ya huyo wa Embraer huchukuliwa na rubani msaidizi anayepandishwa cheo, na mwisho wa mstari anaajiriwa kijana. Mtu mmoja amestaafu na watu wanne wameingia darasani. Umri wa kustaafu unajulikana miaka mingi kabla, kwa hiyo shirika likikutwa na upungufu kwa sababu hiyo, ni vigumu kumlaumu mtu mwingine. Anayejiuzulu kwa notisi ya miezi michache ndiye anayevuruga mipango kwelikweli.

Je, ni kweli kwamba marubani wengi wa Afrika Mashariki wamehamia Ghuba?

Wapo wengi Dubai na Doha, na sababu kubwa si fumbo: mshahara usiotozwa kodi ya mapato huko, nyumba au posho ya nyumba, na ndege kubwa zinazomjazia rubani saa haraka. Kwa upande wa Kenya Airways, uhamaji ulichochewa na maamuzi ya kupunguza ndege. Mwaka 2012 shirika lilikuwa limetangaza Mradi wa Mawingu, mpango wa miaka kumi uliolenga kufikisha ndege 119 na vituo 115. Badala yake likapata hasara ya shilingi bilioni 25.7 katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2015, na bilioni 26.2 mwaka uliofuata. Boeing 777-300ER zikakodishwa kwa Turkish Airlines na 787 mbili zikaenda Oman Air.

Ndege ikikodishwa bila wafanyakazi, rubani wake hubaki chini akiwa na cheti cha ndege ambayo haipo tena. Cheti hicho kina soko sehemu nyingine duniani, na mwenye nacho hahitaji kuelekezwa njia ya kwenda uwanja wa ndege. Mashirika mengi hujikinga kwa mkataba unaomfunga rubani kutumikia miaka kadhaa baada ya kugharamiwa mafunzo, la sivyo arudishe fedha. Mikataba hiyo huchelewesha kuondoka, lakini haizuii, kwa kuwa mwajiri mpya mwenye haraka huweza kumlipia deni hilo.

Ukongwe kazini una maana gani, na kwa nini unagombaniwa sana?

Kila rubani ana nafasi kwenye orodha inayofuata tarehe ya kuajiriwa. Orodha hiyo huamua nani anapandishwa kwanza, nani anahamia ndege kubwa, na mara nyingi nani anapata likizo ya Desemba. Rubani akihamia shirika jingine huanza mkiani, hata kama ana saa 12,000. Ndiyo sababu marubani hukasirika kampuni inapomwajiri kapteni kutoka nje kwa mkataba na kumweka moja kwa moja kwenye kiti cha kushoto, kile cha kapteni: wanaona mtu amekata foleni ambayo wao wamesimama kwa miaka kumi. Kampuni hujibu kwamba ndege haiwezi kukaa chini ikisubiri mtu wa ndani amalize mafunzo. Hoja zote mbili zina msingi, ila ya kampuni hupungua nguvu kila mwaka unaopita bila kijana kupelekwa darasani.

Zamu ya kusubiri ni nini?

Ni siku ambayo rubani hajapangiwa safari lakini anapaswa kuwa tayari kuitwa. Sare imepigwa pasi, begi liko mlangoni likiwa na nguo za joto na za baridi kwa pamoja, simu haizimwi, na mtu hathubutu kwenda arusi ya Nakuru. Akiitwa anaweza kupelekwa Kisumu kwa nusu siku au Johannesburg kwa siku mbili. Idadi ya marubani ikiwa finyu, hawa wa akiba ndio huliwa kwanza; kikosi cha akiba kikiisha, mafua ya mtu mmoja hufuta safari ya watu 145.

Kitovu cha safari ni nini hasa, na Nairobi inastahili kuitwa hivyo?

Kitovu ni uwanja ambao shirika hulitumia kukusanya abiria kutoka pande nyingi kwa wakati mmoja, kisha kuwatawanya. Ndege 10 zikitua alfajiri na nyingine 10 zikaondoka muda mfupi baadaye, shirika limeuza jozi 100 za miji kwa safari 20 tu. Mfanyabiashara wa Lubumbashi anayekwenda Guangzhou kununua bidhaa hana ndege ya moja kwa moja, na hatapata, kwa sababu watu wa safari hiyo hawajazi ndege. Nairobi humkutanisha na wa Lusaka, wa Entebbe, wa Bujumbura na wa Harare, na wote kwa pamoja wanaijaza.

Kijiografia, Nairobi iko vizuri mno kati ya Afrika Magharibi na Bahari ya Hindi. Uwanja wa Jomo Kenyatta ulifunguliwa mwaka 1958 ukiitwa Embakasi, na una njia moja tu ya kurukia, yenye urefu wa kilomita 4 na kitu. Njia hiyo ikizibwa na ndege iliyopasuka tairi, kitovu kizima husimama, na wanaotua huelekezwa Mombasa au Entebbe. Moto wa tarehe 7 Agosti 2013, ulioteketeza jengo la kuwasili la kimataifa, ulionyesha wazi jinsi shirika linavyoumia linapokuwa na mlango mmoja.

Halafu kuna mwinuko. Uwanja uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, injini hazisukumi kwa nguvu ileile na mabawa hayabebi uzito uleule kama Mombasa. Jua likiwaka, hali huzidi kuwa ngumu. Ndege nzito ya kwenda New York huondoka usiku, na mbali na sababu za kuunganisha abiria, ubaridi wa usiku humsaidia rubani kunyanyuka na mafuta yote anayoyahitaji. Hata hivyo, mwinuko si kisingizio cha kutosha: Addis Ababa iko juu zaidi, kwenye mita 2,300 na ushei, na Ethiopian Airlines imejenga hapo kitovu kikubwa kuliko kile cha Nairobi, kisha ikashiriki kuanzisha shirika la ASKY mwaka 2010 lenye makao Lomé ili kukusanya abiria wa Afrika Magharibi.

Kwa nini Mombasa isiwe kitovu cha pili?

Uwanja wa Moi una mwinuko mdogo na njia ndefu ya kurukia, kwa hiyo ndege kubwa hazina shida hapo. Shida ni abiria. Wengi wanaotua Mombasa ni watalii wanaotaka kufika Diani au Watamu; hawaendi mahali pengine. Kitovu cha pili pia humaanisha vikosi viwili vya marubani wa akiba, mafundi wawili wa kila aina, na vipuri katika ghala mbili. Shirika lenye ndege tisa za 787 haliwezi kuzigawa hivyo.

Kuna tofauti gani kati ya kuuza tiketi kwa namba ya pamoja, muungano na ubia?

Kuuza kwa namba ya pamoja ni ngazi ya chini: shirika moja linaruka, jingine linaweka namba yake kwenye safari hiyohiyo na kuuza viti. Muungano, kama SkyTeam ambao Kenya Airways iliingia kikamilifu mwaka 2010, huleta pamoja mashirika mengi kwa mambo kama pointi za abiria, kumbi za mapumziko na mizigo kupitishwa moja kwa moja. Ubia ndio ngazi nzito. Wabia hupanga pamoja bei, nyakati na idadi ya safari katika njia fulani, na kugawana mapato bila kujali ndege ya nani imembeba abiria. Kwa rubani, namba ya pamoja humletea abiria. Ubia ndio unaoweza kumwondolea ndege.

Ilikuwaje kuhusu ubia na KLM?

KLM, shirika la ndege la Uholanzi, ilinunua asilimia 26 ya hisa za Kenya Airways wakati wa ubinafsishaji wa mwaka 1996, na kwa miaka mingi uhusiano huo ulisifiwa kuwa mfano kwa Afrika. Amsterdam ililishwa na Nairobi, na Nairobi ikalishwa na Amsterdam. Mambo yalipoharibika, ubia ukageuka kuwa mshukiwa wa kwanza. Chama cha marubani, KALPA, kilidai kwamba mgawanyo uliipendelea KLM na kwamba Kenya Airways ilikuwa inalishia kitovu cha mwenzake. Seneti nayo iliunda kamati maalumu mwaka 2015 kuchunguza hali ya shirika. Tarehe 28 Aprili 2016 marubani waligoma wakitaka uongozi uondoke.

Katika urekebishaji wa mwaka 2017, madeni yaligeuzwa kuwa hisa: serikali ikafikisha asilimia 48.9, benki zilizokopesha zikapata asilimia 38.1 kupitia kampuni yao ya pamoja, na KLM ikashuka hadi asilimia 7.8. Ubia wenyewe ulikoma tarehe 1 Septemba 2021, katikati ya janga la Uviko-19, ingawa mashirika hayo mawili yaliendelea kuuziana viti.

Je, marubani walikuwa sahihi? Kwa maoni ya mwandishi huyu, kwa sehemu. Ubia wowote kati ya shirika lenye ndege nyingi na lenye chache humwelemea mdogo, kwa kuwa mkubwa ndiye mwenye uwezo wa kuongeza safari soko linapokua. Lakini si ubia ulioagiza ndege nyingi kuliko abiria, wala si ubia uliofanya watalii waikwepe Kenya baada ya shambulio la Westgate la Septemba 2013 na hofu ya Ebola iliyofuata. Waliomtwika Mholanzi mzigo wote walikuwa wanatafuta jibu jepesi.

Na washirika wapya?

Huko New York, Kenya Airways hutua nyumbani kwa Delta, mwanachama mwenzake wa SkyTeam, ambaye humsaidia kufikisha abiria katika miji mingine ya Marekani. Novemba 2021 ulitiwa saini mpango wa ushirikiano na South African Airways uliokuwa na ndoto ya kundi moja la mashirika ya Afrika. Mwaka 2025 yakaja makubaliano na Qatar Airways, ambayo iko kwenye muungano tofauti kabisa. Swali ambalo marubani huuliza kila karatasi kama hizo zinapotiwa saini ni lilelile: nani ataruka safari ndefu, na nani atabaki kukusanya abiria wa safari fupi?

Jambojet inaingiaje hapa?

Ni kampuni tanzu ya bei nafuu iliyoanza kuruka tarehe 1 Aprili 2014, na leo hutumia ndege za panga boi aina ya Dash 8-400 kwa safari za Mombasa, Kisumu, Eldoret na kwingineko. Ina marubani wake na masharti yake ya kazi. Kila safari inayohamia huko hupunguza gharama za kundi zima, na pia hupunguza saa za rubani wa kampuni mama.

Mgomo wa Novemba 2022 ulihusu nini?

Haukuhusu mshahara mpya. Wakati wa janga shirika lilikuwa limesitisha michango yake katika mfuko wa akiba ya wafanyakazi na kuahirisha sehemu ya mishahara. Marubani, ambao ni takriban 400, walitaka michango irejeshwe na malimbikizo yalipwe. Waligoma kuanzia tarehe 5, maelfu ya abiria wakakwama, na kampuni ikasema inapoteza takriban shilingi milioni 300 kwa siku. Mahakama iliwaamuru warudi kazini kufikia saa kumi na mbili asubuhi ya tarehe 9, nao wakarudi.

Kilichosahaulika haraka ni jinsi kitovu kinavyozidisha athari za mgomo. Abiria aliyekwama Nairobi hakuwa na nyumba Nairobi. Alikuwa ametoka Accra akielekea Mumbai, na viza hana.

Shirika si limepata faida? Mbona malalamiko hayaishi?

Lilipata faida ya shilingi bilioni 5.4 kwa mwaka 2024, ya kwanza baada ya zaidi ya miaka kumi. Nusu ya kwanza ya mwaka 2025 likarudi kwenye hasara ya takriban bilioni 12, sababu kubwa ikiwa ni 787 tatu kukaa chini zikisubiri injini na vipuri. Theluthi ya ndege kubwa ikisimama, idadi ya marubani wa ndege hizo huonekana imezidi kwenye karatasi, na mkurugenzi wa fedha huona mahali pa kupunguza. Akipunguza, vipuri vitafika kabla ya marubani.

Serikali zina mkono gani katika njia?

Mkubwa. Januari 2024 Tanzania ilitangaza kusitisha safari za abiria za Kenya Airways kati ya Nairobi na Dar es Salaam, baada ya Kenya kuinyima ndege ya mizigo ya Air Tanzania haki ya kubeba shehena kati ya Nairobi na nchi za tatu. Mawaziri walilimaliza jambo hilo kabla halijaanza kutekelezwa. Hata hivyo, kwa siku mbili tatu, wapanga zamu walikuwa na orodha ya marubani wa Dar wasiojulikana watapelekwa wapi.

Tiketi yangu ina namba ya KQ lakini nimepandishwa ndege ya kampuni nyingine. Inanihusu nini?

Inakuhusu zaidi ya unavyodhani. Soma mstari mdogo unaotaja kampuni inayoendesha safari, kwa sababu hiyo ndiyo inayowajibika siku mambo yakienda kombo. Kanuni namba 261 ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2004 humlinda abiria yeyote anayeondoka Ulaya, lakini kwa safari ya kuelekea Ulaya kutoka nje humlinda tu kama ndege inaendeshwa na shirika la Ulaya. Watu wawili walionunua tiketi za Nairobi kwenda Amsterdam zenye namba ya KQ, mmoja akapanda ndege ya KLM na mwingine ya Kenya Airways, wakichelewa kwa saa sita kwa sababu ya hitilafu ya mitambo, wa kwanza anaweza kudai euro 600 chini ya kanuni hiyo na wa pili hawezi.